Sheria Ipo, Mafuta Hayapo: Karne Moja ya Kuwalinda Watoto Karatu na Ngorongoro

Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ya Tanganyika, chini ya Gavana Donald Cameron, iliunda Idara ya Kazi na kumweka Meja Granville Orde-Browne kuwa kamishna wake wa kwanza. Maafisa wa idara hiyo walitakiwa kuzunguka mashambani, kukagua kambi za manamba na kuhakikisha kwamba masharti ya ajira yaliyoandikwa Dar es Salaam yanafuatwa porini. Miaka hiyohiyo Wajerumani walioruhusiwa kurudi kuanzia 1925 walikuwa wakifyeka miteremko ya Oldeani, kusini mwa kreta ya Ngorongoro, na kupanda kahawa. Idara iliishi miaka mitano. Mwaka 1931, mdororo wa uchumi wa dunia ulipokausha mapato, serikali iliifuta ili kubana matumizi, na kazi yake ikarudishwa kwa mabwana shauri ambao tayari walikuwa na kodi ya kukusanya, kesi za kusikiliza na barabara za kusimamia. Sheria za kazi zilibaki kitabuni kama zilivyokuwa. Kilichofutwa ni mshahara wa mtu aliyepaswa kwenda kutazama kama zinafuatwa. Idara ilifufuliwa kuelekea mwisho wa muongo ule, lakini mtindo ulikuwa umeshawekwa: fedha zikipungua, wa kwanza kupunguzwa ni mkaguzi.

Ninaanzia hapo kwa sababu historia ya kuwalinda watoto dhidi ya unyonyaji katika Karatu na Ngorongoro kwa kawaida husimuliwa kama historia ya sheria: ipi ilitungwa lini, iliongeza adhabu kiasi gani, ilisahihisha pengo lipi. Ukiisoma hivyo utaona maendeleo ya kupendeza, kwani karibu kila kizazi kilipata sheria bora kuliko ya kabla yake. Ukiisoma kwa vitabu vya bajeti, picha inabadilika. Kila kizazi kilimwachia mtu mwingine alipe gharama za utekelezaji: mara mwenye shamba, mara serikali ya kijiji isiyo na kitu, mara mfadhili wa ng'ambo, mara mtalii. Ulinzi ukadumu kwa muda uleule ambao mlipaji huyo aliona sababu ya kulipa. Hoja yangu ni kwamba udhaifu wa leo hautokani na upungufu wa sheria, wala hasa na ugumu wa mila, bali na uamuzi wa kibajeti uliorudiwa kwa karibu miaka mia moja.

Oldeani yenyewe inaonyesha vizuri jinsi sheria isiyo na mkaguzi inavyopofuka. Kahawa huchumwa kwa msimu, na mchumaji hulipwa kwa debe. Mama anayelipwa kwa debe huja na watoto wake, kwa kuwa vidole vidogo navyo hujaza debe. Daftari la mwajiri humwandika mama peke yake, na kipande cha kazi huwa na jina lake peke yake. Afisa anayekagua makaratasi ofisini hawezi kumwona mtoto, kwa sababu mtoto hakuajiriwa. Anayeweza kumwona ni yule anayesimama katikati ya mibuni asubuhi ya msimu wa kuchuma, na huyo anahitaji usafiri, posho na ruhusa ya kuingia kwenye shamba la mtu. Enzi za ukoloni Karatu ilitawaliwa kutoka Mbulu. Sheria ya Watoto na Vijana ya 1937, iliyodumu hadi 2009, ilijishughulisha zaidi na mtoto aliyefikishwa mahakamani kuliko mtoto aliyetumikishwa na mtu mzima. Ilikuwa sheria ya bei nafuu, kwa maana ilimngoja mtoto aletwe badala ya kumlipa mtu amfuate aliko.

Baada ya uhuru mlinzi mkuu wa mtoto alikuwa shule, na hapa lazima tuwe waadilifu: ulikuwa ulinzi wa kweli. Azimio la Musoma la 1974 lilisukuma elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanya mahudhurio kuwa wajibu. Mtoto aliyekuwa darasani hakuwa shambani wala machungani kwa ng'ombe wa mtu, na msichana aliyeandikishwa alikuwa na mwalimu wa kuuliza amekwenda wapi. Mtekelezaji alikuwa serikali ya kijiji pamoja na mgambo wake, waliomwita mzazi wa mtoro na kumtoza faini. Lakini tazama nani alilipa. Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972 na hazikurudi hadi miaka ya mwanzo ya 1980, kwa hiyo kwa takriban muongo mzima hapakuwa na chombo cha wilaya chenye bajeti yake na madiwani wake wa kuulizwa. Ngorongoro ikawa wilaya mwaka 1979, makao yake yakiwa Loliondo. Karatu ilingoja hadi katikati ya miaka ya 1990 kumegwa kutoka Mbulu. Michango na karo za shule ziliporudi katika miaka ya 1980, mlinzi aliyekuwa akitegemewa akaanza kudai kiingilio, na familia za Wairaqw, Wadatoga na Wamaasai zilizokuwa zikisitasita zikapata sababu ya kukataa. Kwa Wahadzabe wa bonde la Eyasi shule ilikuwa mbali kwa maana zote.

Ndipo uchumi wa eneo ulipobadilika kwa kasi ambayo hakuna bajeti iliyoifuata. Kule Mang'ola chemchemi za Qangdend zilikuwa zikimwagilia vitunguu, zao linalohitaji mikono mingi kwa siku chache na kulipa papo hapo. Safari za watalii ziliongezeka baada ya soko huria, na barabara ya Makuyuni hadi lango la Lodoare ilipowekwa lami kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, Karatu iligeuka mji wa kulala wageni, wenye hoteli, baa, nyumba za wageni na madereva wanaopita. Watoto walitokea kando ya barabara wakiuza shanga, wakipigwa picha kwa pesa, wakiomba kalamu. Wasichana waliotoka vijijini walikwenda kufanya kazi za ndani mijini kwa makubaliano ambayo hayakuandikwa popote. Zaidi ya hapo, upande wa Simanjiro, migodi ya tanzanaiti ya Mererani ilikuwa na wavulana waitwao nyoka, walioingia katika mashimo ambayo mtu mzima hapiti. Haya hayakuwa mabaki ya mila za kale. Yalikuwa mambo mapya yaliyoletwa na fedha mpya, na fedha hizo zilitozwa ushuru. Swali la kihistoria ni kwa nini ushuru huo haukumlipa mlinzi.

Jibu moja ni kwamba mlinzi alikuwa amepata mlipaji mwingine. Tanzania iliridhia Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1998 na ule Na. 182, juu ya aina mbaya zaidi za utumikishwaji wa watoto, mwaka 2001. Mwaka huohuo ikawa miongoni mwa nchi tatu za kwanza duniani, pamoja na El Salvador na Nepal, kuingia katika mpango wenye ukomo wa muda wa kukomesha utumikishwaji huo, fedha zikitoka kwa kiasi kikubwa Wizara ya Kazi ya Marekani. Arumeru na Simanjiro zilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo. Mradi mwingine wa Shirika hilo, uliolipiwa na wizara ileile, ulishughulika na mashamba ya biashara ya Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Zambia. Tathmini zilizochapishwa miaka hiyo kuhusu kahawa, chai, tumbaku na migodi ni hazina kwa mwanahistoria. Hatujawahi kuwa na maelezo bora zaidi ya kazi za watoto nchini. Kamati ziliundwa, watoto waliondolewa kazini na kupelekwa shule au kwenye mafunzo ya ufundi, walimu na wakaguzi walipewa semina. Kisha muda ukaisha, kama jina la mpango lilivyotangaza tangu mwanzo. Gari lililokuwa na nembo ya mradi likakabidhiwa, na kamati zikabaki bila nauli ya kikao.

Wakati huohuo Bunge lilikuwa likiandika kwa bidii. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliweka kifungo cha miaka 30 kwa ubakaji, na cha maisha pale mtoto alipo chini ya miaka 10, na ikafanya ukeketaji wa msichana chini ya miaka 18 kuwa jinai. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ilifuata mwaka 2008 na kuanzisha hata mfuko wa waathirika. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikataza kazi za kinyonyaji, ikaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na katika kifungu cha 94 ikaipa halmashauri wajibu wa kuwalinda watoto walio katika eneo lake. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yakaongeza miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi. Adhabu zetu ni kali kuliko za nchi nyingi tajiri. Lakini kuandika miaka 30 badala ya 14 hakumgharimu Waziri wa Fedha hata shilingi, ilhali kumpeleka mpelelezi kijiji cha Kakesio, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, kunamgharimu. Nadhani ndiyo sababu ya kimo hiki cha adhabu: ukali wa maandishi umetumika kufidia uchache wa watekelezaji.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa 2009 na kutangazwa 2011, ulikuta kwamba karibu wasichana watatu katika kumi na mvulana mmoja katika saba walikuwa wamepitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mshtuko wake uliharakisha madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, yaliyokuwa yameanza kutokana na juhudi za mtandao wa askari wanawake ulioundwa 2007. Leo madawati hayo yanazidi 400 nchini. Ni mageuzi makubwa kuliko yote katika historia hii, na ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya mafunzo, samani na ukarabati wake ililipwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali za nje. Askari wa dawati hulipwa mshahara na taifa. Kinachobaki bila mlipaji wa uhakika ni kila kitu kinachomfanya aweze kutoka nyuma ya meza.

Hebu tuifuate kesi moja ya kawaida, kwa hatua zake tu. Taarifa inatoka Nainokanoka au Endulen, ndani ya hifadhi. Mtoto anahitaji fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3, na daktari wa kuijaza. Kwa miaka mingi daktari huyo amepatikana katika hospitali za makanisa, ya Kikatoliki Endulen au ya Kilutheri Karatu. Sampuli zikichukuliwa lazima zihifadhiwe na kusafirishwa hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtoto anahitaji mahali salama pa kulala, kwani mara nyingi mtuhumiwa ni wa nyumbani. Afisa ustawi wa jamii anatakiwa kuandika ripoti ya familia, na makao ya wilaya yapo Loliondo, ng'ambo ya mbuga, katika wilaya yenye zaidi ya kilomita za mraba 14,000. Kisha mashahidi wanaitwa mara mbili, tatu, nne, kila mara kwa nauli. Kila hatua ina bei, na karibu kila bei iko katika kile wahasibu wa serikali wanachokiita matumizi mengineyo, kasma ambayo hukatwa kwanza fedha zikichelewa kutoka Hazina. Ndiyo maana mlalamikaji huambiwa achangie mafuta ya gari, na familia ya mtuhumiwa, ambayo ina ng'ombe wa kutoa, hupata nafasi ya kuyamaliza kienyeji. Tumezoea kusema wazee wanazima kesi. Wazee huitwa pale ambapo serikali imekwisha kuonyesha kwamba haitafika.

Ngorongoro ingeweza kuwa tofauti. Tangu 1959, ilipotengwa na Serengeti na kuwa hifadhi ya matumizi mseto, eneo hili lina chanzo cha fedha ambacho wilaya chache Afrika zinacho. Ada ya gari moja tu la watalii kushuka kreta inazidi dola 200. Baraza la Wafugaji, lililoanzishwa 1994 na kupewa kanuni mwaka 2000, lilipokea sehemu ya mapato hayo kila mwaka, na mengi yalikwenda kwenye karo za wanafunzi. Kwa binti wa kifugaji karo ilikuwa ngao dhidi ya ndoa ya mapema, na asasi kama Baraza la Wanawake Wafugaji lililoanza Loliondo mwaka 1997 ziliifanya ngao hiyo iwe na sauti. Hata hivyo ilikuwa fadhila ya mamlaka ya hifadhi, si haki iliyoandikwa katika bajeti ya ulinzi wa mtoto, na fadhila hufuata hali ya hewa ya siasa. Kuanzia Julai 2020 makusanyo ya mamlaka yalielekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Machi 2022, wakati wa mvutano wa kuwahamishia wakazi wa hifadhi Msomera, wilayani Handeni, shule za ndani ya hifadhi ziliagizwa kuhamishia Handeni fedha za Uviko-19 zilizokuwa zimepangiwa kwao. Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta vijiji na kata za eneo hilo, kabla ya Mahakama Kuu Arusha kulisimamisha mwezi huohuo. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, unasimama juu ya kamati za vijiji na kata. Kijiji kikifutwa kwenye karatasi, kamati yake inakaa wapi?

Kuna wanaosema kwamba yote haya yanakosea shabaha: mzizi ni umaskini, na shilingi inayokwenda polisi ingefanya kazi zaidi ikiwa chakula cha shuleni. Historia niliyoieleza inawapa nusu ya haki. Shule ya miaka ya 1970 ilizuia mengi kuliko mahakama yoyote. Lakini nusu nyingine inawapinga. Karatu ya mwaka 2010 ilikuwa na fedha nyingi kuliko Karatu ya 1980, na ni fedha hizo zilizoleta aina mpya za unyonyaji. Umaskini unaeleza kwa nini mtoto anapatikana; hauelezi kwa nini mnunuzi haogopi. Mwenye baa anayemweka binti wa miaka 15 kaunta si maskini, wala dalali anayekusanya wasichana wa kazi za ndani hafanyi hivyo kwa njaa. Kwa hao, chakula cha shuleni hakina neno la kuwaambia.

Pingamizi zito zaidi linatoka Loliondo. Wafugaji walioona maboma yakichomwa mwaka 2009, na risasi zikitumika Juni 2022 wakati wa kuweka vigingi vya mpaka wa eneo la hifadhi, wana sababu ya kuuliza kwa nini mtu atake bajeti ya polisi iongezwe. Gari lililonunuliwa kwa jina la mtoto linaweza kubeba askari wa operesheni kesho yake. Sidhani hofu hii inajibiwa kwa kuwaomba watu waamini. Inajibiwa na muundo wa fedha zenyewe: kasma yenye jina lake, isiyohamishika, inayogawanywa kati ya dawati, afisa ustawi, daktari na mahakama, na ambayo diwani anaweza kuihoji mezani kwa tarakimu. Kilichoimarisha kutoaminiana ni kwamba serikali imekuwa ikionekana na mafuta ya kutosha kwa ajili ya mipaka ya ardhi na kukosa mafuta kwa ajili ya mtoto. Wanakijiji wanajua kusoma bajeti hata bila kuiona.

Wala tusidhani huu ni ugonjwa wa nchi maskini. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2008 ikiidhinisha dola milioni 60 kwa mwaka kwa vikosi vya majimbo vinavyopeleleza unyonyaji wa watoto mtandaoni. Mwaka 2019 gazeti la New York Times lilionyesha kwamba Bunge lake lilikuwa likitoa karibu nusu tu. Tofauti ni kwamba kule nusu iliyotolewa ilitoka kwenye kodi zao wenyewe, na mwandishi wa habari aliweza kuilinganisha na ahadi. Sisi tuliazima hata hiyo nusu. Machi 2025 Wizara ya Kazi ya Marekani ilifuta ruzuku zake zote za kimataifa za kupambana na utumikishwaji wa watoto, na mwezi Julai shirika la misaada la nchi hiyo likafungwa. Orde-Browne angeutambua mwaka huo mara moja, ila safari hii uamuzi haukufanywa Dar es Salaam na hapakuwa na mtu wa kuulizwa Dodoma.

Wanaosema hakuna fedha wanapaswa kueleza asilimia kumi. Marekebisho ya mwaka 2018 katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa yaliilazimisha kila halmashauri kutenga sehemu ya kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mfuko huo umekuwa na kasoro nyingi. Ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa baadaye kwa utaratibu mpya. Hata hivyo ulithibitisha kwamba Bunge linaweza kuifunga mikono halmashauri kwa ajili ya kundi fulani, na kwamba Karatu, yenye ushuru wa huduma kutoka kwenye mauzo ya hoteli na kampuni pamoja na ushuru wa vitunguu, ina mapato ya kufungwa. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kiliipa halmashauri wajibu bila asilimia yoyote. Ngorongoro, ambayo chanzo chake kikubwa kinapita juu ya kichwa chake, ingehitaji sehemu irudishwe kwa sheria na si kwa hisani. MTAKUWWA ya pili, iliyoanza mwaka wa fedha 2024/25, inazitaka halmashauri zitenge fedha za ulinzi, na kila mwanzo wa mwaka, madiwani wanapokaa kupitisha makadirio, kinachotafutwa katika kitabu kile ni mstari mmoja wenye kiasi, jina la afisa anayewajibika, na idadi ya safari za gari zilizopangwa kwenda Mang'ola msimu wa vitunguu.